Ushindi Ambao Haukuwapo: Don Bernardino de Mendoza na Habari za Agosti 1588

Katika mwezi wa Agosti 1588, balozi wa Hispania nchini Ufaransa alitoka Paris akaenda Chartres kuonana na Mfalme Henri III. Alikwenda na ombi moja. Alitaka mfalme aamuru wimbo wa shukrani, Te Deum, uimbwe katika kanisa kuu la mji ule, kwa sababu Armada, kundi kubwa la manowari ambalo Mfalme Felipe II wa Hispania alilituma kuivamia Uingereza, ilikuwa imewashinda Waingereza baharini. Henri alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema habari hiyo ingemfurahisha sana kama ingekuwa ya hakika, lakini yeye pia amepata habari, tena kutoka Calais, na huenda balozi angependa kuzisoma. Akampa barua ya gavana wa Calais. Ilieleza manowari za Hispania zilivyofika pale zimeumizwa, Waingereza wakizifuata nyuma, na zilivyofukuzwa kuelekea Bahari ya Kaskazini. Balozi akaisoma, akajibu kwamba habari zao hazilingani.

Balozi huyo ni Don Bernardino de Mendoza, na kisa chake husimuliwa kwa njia mbili. Waingereza wa zama zake walisema alikuwa mwongo aliyetunga ushindi ili kuwahadaa watu. Wengine waliokuja baadaye wakamfanya mzee aliyelewa matumaini, akaokota kila uvumi wa bandarini. Nimekisoma kisa hiki kwa miaka mingi na siridhiki na tafsiri yoyote kati ya hizo mbili. Mendoza alikuwa na mtandao wa habari ulio bora pengine kuliko wa balozi yeyote wa Ulaya wakati ule. Alijua uvumi ni nini, na alijua kuuchuja. Kilichomwangusha ni kwamba kazi yake ilimtaka afanye mambo mawili kwa habari ile ile: aipime kwa ajili ya mfalme wake, na aitumie kama silaha dhidi ya mfalme wa nchi nyingine.

Alizaliwa Guadalajara mnamo 1540 hivi, katika ukoo wa Mendoza, mmoja wa koo kubwa za makabaila wa Castilla. Baba yake alikuwa na cheo cha Conde de Coruña, na kwa upande wa mama alitokana na ukoo wa Kardinali Cisneros. Mtoto wa kiume asiyerithi cheo katika nyumba kama ile alikuwa na njia mbili, kanisa au jeshi. Bernardino alisoma Alcalá, halafu akachagua jeshi. Alipigana Afrika Kaskazini, akaenda Flanders, katika Ubelgiji ya leo, mwaka 1567 pamoja na jemadari Duke wa Alba, na huko akaongoza wapanda farasi katika vita dhidi ya waasi wa Uholanzi. Vita hivyo aliviandikia kitabu kikubwa baadaye, na mpaka leo wanahistoria wa Flanders hawawezi kukipita, maana mwandishi alikuwa na vumbi la mapigano kwenye nguo zake.

Mwaka 1578 Felipe alimtuma London. Miaka sita ya huko ndiyo iliyomjenga, au tuseme ndiyo iliyomtia uchungu. Alikuwapo huko nahodha wa Kiingereza Francis Drake aliporudi mwaka 1580 na shehena ya fedha na dhahabu aliyoinyang'anya Hispania upande wa pili wa dunia. Akadai mali irudishwe, na miezi michache baadaye akashuhudia Malkia Elizabeth akimpa Drake heshima ya sir. Mendoza akajibu kwa kujiingiza katika njama za Wakatoliki wa Uingereza. Mwishoni mwa 1583 kijana aitwaye Francis Throckmorton alikamatwa, akateswa, akataja mpango wa kuivamia nchi na kumweka Mary wa Scotland, malkia Mkatoliki aliyekuwa kifungoni Uingereza, kitini, na jina la balozi wa Hispania likatoka. Serikali ya Elizabeth iliwauliza wanasheria, mmoja wao Alberico Gentili, kama balozi mla njama anaweza kuadhibiwa. Jibu lao lilikuwa kwamba afukuzwe, asiguswe mwili. Uamuzi huo una uzito wake katika historia ya sheria za kibalozi, na mataifa bado yanaufuata. Januari 1584 Mendoza aliitwa mbele ya baraza la malkia, akapewa siku 15 aondoke. Maneno aliyowaachia yamebaki: kwamba Bernardino de Mendoza hakuzaliwa kuvuruga nchi, amezaliwa kuziteka.

Mwisho wa mwaka huo huo alihamishiwa Paris, na hapo ndipo kisa chetu kinapoanza kwa kweli.

Ufaransa ilikuwa imegawanyika. Henri III alikuwa Mkatoliki, hakuwa na mtoto, na mrithi wake kwa sheria alikuwa Mprotestanti, Henri wa Navarre. Wakatoliki wenye msimamo mkali walikusanyika katika Ligi chini ya Duke wa Guise, na kwa mkataba wa siri wa Joinville wa Desemba 1584 Hispania iliahidi kuwapa fedha. Mendoza alikuwa mkono wa Hispania katika mambo hayo. Alikuwa balozi kwa mfalme na wakati huo huo mfadhili wa maadui wa mfalme. Tarehe 12 Mei 1588 watu wa Paris waliziba mitaa kwa mapipa na minyororo, wakawazingira askari wa Henri, na kesho yake mfalme akakimbia mji wake mwenyewe. Ndiyo maana alikuwa Chartres. Wiki mbili baada ya siku hiyo Armada ilianza kutoka Lisbon, merikebu kama 130, watu wanaokaribia 30,000. Wanahistoria kadhaa wanaamini mambo hayo mawili yalipangwa yaende sambamba, ili Ufaransa isiweze kuisaidia Uingereza, nami naona mpangilio ule ni mkamilifu mno kuwa bahati tu.

Kazi ya pili ya Mendoza ilikuwa kuiangalia Uingereza kutoka ng'ambo. Alikuwa na watu katika bandari za Ufaransa kaskazini, alikuwa na wakimbizi wa Kikatoliki, na tangu 1587 alikuwa na mtu wa ajabu kuliko wote: Edward Stafford, balozi wa Uingereza mjini Paris, aliyekuwa na madeni na akapokea fedha ya Hispania. Ni kwa njia ya Stafford kwamba Mendoza aliweza kumwonya Felipe mwaka 1587 kuhusu safari ya Drake kwenda Cadiz, ingawa onyo lilimfikia mfalme Drake akiwa tayari amekwisha kuichoma bandari. Wanahistoria bado wanabishana kama Stafford alikuwa msaliti kweli au alikuwa akimlisha Mendoza nusu ukweli nusu uongo. Swali hilo lina uzito kwetu, kwa sababu mtu anayezoea kununua habari huzoea pia kuamini kwamba habari yenye bei ina thamani.

Zaidi ya hayo, Mendoza alikuwa anapofuka. Macho yalikuwa yamedhoofika tangu siku za London, na kufikia 1588 alitegemea makatibu kumsomea na kumwandikia. Mpelelezi huyu mkubwa hakuweza tena kuitazama karatasi mwenyewe, kuona mwandiko uliotetemeka, neno lililofutwa, sehemu ambayo mwandishi alisita.

Sasa habari zenyewe. Armada ilionekana kwenye pwani ya Cornwall tarehe 29 Julai. Tarehe 31 walipigana karibu na Plymouth, tarehe 2 Agosti karibu na Portland, tarehe 4 karibu na kisiwa cha Wight. Katika siku hizo wavuvi wa Kifaransa waliokuwa wakirudi kutoka Newfoundland walipita mle mle kwenye mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa. Waliona moshi, walisikia mizinga, wakaingia bandarini na simulizi. Mawakala wa Mendoza wakawahoji na kumwandikia: Wahispania wamepata ushindi, merikebu 15 za Waingereza zimezamishwa, zilizobaki zinakimbia. Baadaye zikaja nyongeza, kwamba merikebu ya Drake imeingiliwa na kutekwa, na kwamba Drake mwenyewe amekamatwa.

Msomaji wa leo anajua hakuna merikebu ya Kiingereza iliyozamishwa kwa mizinga katika vita vile. Lakini tujiweke mahali pa mtu aliye Paris tarehe 7 Agosti. Mpaka siku hiyo Armada ilikuwa imepita mlango mzima wa bahari kwa utaratibu wake wa mwezi mwandamo, Waingereza wakiifuata kwa nyuma bila kuweza kuivunja. Merikebu kubwa mbili ilizopoteza ziliharibika kwa ajali: moja iligongana na wenzake, nyingine baruti yake ililipuka. Tarehe 6 ilitia nanga Calais karibu yote ikiwa nzima. Mvuvi aliyeona kundi kubwa likisonga mbele na kundi dogo likishambulia na kurudi nyuma, likishambulia na kurudi nyuma, angesema nani anashinda? Habari ya ushindi ilikua juu ya kitu halisi kilichoonekana kwa macho. Idadi ya 15 ndiyo iliyotoka hewani, na idadi ndiyo iliyoifanya habari ionekane imehesabiwa.

Tena mashahidi walikuwa wengi, nao walitoka mahali mbalimbali. Hapa ndipo ninapomwonea huruma balozi. Kanuni ya kila mkusanya habari ni kungoja sauti ya pili. Mendoza aliipata sauti ya pili, na ya tatu, kutoka Le Havre, kutoka Rouen, kutoka Dieppe. Ambacho hakikumdhihirikia ni kwamba sauti zote zilitoka kwenye kundi moja la mabaharia, na zilipopita bandari moja hadi nyingine zilipewa nguo mpya. Wahenga wetu wanasema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Agosti ile lilisemwa kwa vinywa kumi na halikuwapo, na halikuja.

Usiku wa tarehe 7 kuamkia 8 Waingereza walisukumia merikebu nane zinazowaka moto katikati ya Wahispania. Wahispania wakakata kamba za nanga, utaratibu ukavunjika, na asubuhi wakapigwa vibaya karibu na Gravelines. Upepo ukawapeleka kaskazini. Baada ya hapo, kwa wiki nyingi, hapakuwa na mtu yeyote Ulaya aliyejua Armada iko wapi. Hata Waingereza hawakujua kwamba wameshinda. Elizabeth alipowahutubia askari wake Tilbury, siku kama kumi baada ya Gravelines, bado walitazamia jeshi la Duke wa Parma, jemadari wa Hispania, kuvuka kutoka Flanders. Katika ukimya ule kila mtu alisikia alichokuwa akikisubiri.

Basi Mendoza aliamini, na ninasema aliamini kwa sababu zenye akili. Barua zake kwa Felipe zinataja habari imetoka wapi na nani ameisema. Mfalme naye alimjibu kwa tahadhari, tarehe 18 Agosti, kwamba kwa kuwa balozi anaiona habari kuwa ya kweli, naye anatumaini itathibitika. (Felipe huyu ndiye yule ambaye watu wa Mombasa wanamjua kwa ngome yake, maana tangu 1580 alikuwa pia mfalme wa Ureno, na Fort Jesus ilianza kujengwa kwa amri yake mwaka 1593. Alikuwa mtu wa karatasi, anayesoma na kuandika pembezoni mwa kila barua.) Kati ya wawili hao, habari ilibaki na mipaka yake. Ilikuwa habari inayosubiri nyingine.

Kosa lilitokea ilipotoka nje ya barua. Barua hizo hizo zilinakiliwa kwa mabalozi wengine wa Hispania. Karatasi za habari zilizotokana nazo zikapigwa chapa Hispania na kusambaa. Katika barua kulikuwa na mvuvi fulani aliyesema jambo fulani siku fulani. Katika karatasi ya chapa mvuvi ameondoka, limebaki jambo lenyewe likisimama peke yake, na juu yake jina la Don Bernardino de Mendoza. Jina lile lilitosha. Huko Roma, balozi Conde de Olivares alikwenda kwa Papa Sixtus V kudai ibada ya shukrani na zaidi ya hapo fedha, kwa kuwa Papa alikuwa ameahidi dukati milioni moja Wahispania wakishatua Uingereza. Sixtus, aliyekuwa mwangalifu sana na fedha, akasema tungoje. Alifanya vema.

Na Paris? Hapa lazima tutazame kilichokuwa mizanini. Henri III alikuwa amelazimishwa mwezi wa Julai kuyakubali masharti ya Ligi, na mapema Agosti Guise akapewa uongozi wa majeshi ya ufalme. Mfalme alikubali kwa sababu Armada ilikuwa baharini na hakuthubutu kuwa upande wa anayeshindwa. Kila siku ambayo Henri aliamini Hispania inashinda, Guise alikuwa na nguvu siku hiyo. Mendoza alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Angeweza kukaa Paris akangoja hakika, na pengine siku zile za kungoja zingetosha Henri kujiondoa mtegoni. Au angeweza kwenda Chartres mara moja na kumbana mfalme hadharani, kanisani, mbele ya watu wake, kwa Te Deum ambayo ingemfunga. Alichagua la pili. Kwa hesabu ya siasa lilikuwa chaguo linaloeleweka. Lakini siku aliyopanda farasi kwenda Chartres alikuwa ameacha kuipima habari. Alikuwa anaitumia, na aliyeanza kuitumia hawezi tena kuiuliza maswali.

Shahidi aliyemkabili huko alikuwa wa aina nyingine kabisa. Gourdan, gavana wa Calais, alikuwa askari mzee aliyepoteza mguu Wafaransa walipoinyakua Calais kutoka kwa Waingereza miaka 30 nyuma. Hakuwa na sababu ya kuwapenda Waingereza. Alikuwa Mkatoliki, na Armada ilipotia nanga alituma zawadi kwa jemadari wake. Aliyaona mambo kutoka kwenye ngome, kwa macho yake. Shahidi mmoja anayesema kinyume cha moyo wake ana uzito kuliko bandari nzima ya watu wanaosema kinachopendwa, na Mendoza, ambaye angeliona hilo haraka katika jambo lolote jingine, hakulipokea.

Kisha ukaja ushahidi wenye miguu. Katika vurugu za usiku ule wa tarehe 7 kuamkia 8 San Lorenzo, galeasi kubwa, yaani manowari ya makasia na tanga, iliharibika usukani, na asubuhi ikapanda mchanga chini ya ngome ya Calais. Kamanda wake Hugo de Moncada aliuawa, Waingereza wakaipora, na Gourdan akawafukuza kwa mizinga, akabaki na jahazi. Ndani yake walikuwa wapiga makasia mamia, wengi wao Waturuki na Waislamu wa Afrika Kaskazini, mateka wa vita vya Mediterania waliofungwa minyororo kwenye viti vyao. Baadhi yao walifika Chartres wakajitupa miguuni pa mfalme. Mendoza akadai warudishwe, ni mali ya mfalme wake. Baraza la Henri likaamua kwamba katika ardhi ya Ufaransa hakuna mtumwa. Aliyekanyaga hapa ni huru. Wakapewa njia ya kurudi Istanbul.

Mimi hulisoma tukio hilo nikimwacha balozi kando kidogo. Katika kisa kizima, chenye wafalme, Papa na majemadari, hao ndio watu pekee ambao Armada iliwapa kitu chema. Wanahistoria wa sheria hulitaja kila wanapofuatilia kanuni ya ardhi huru nchini Ufaransa, kanuni ambayo Ufaransa yenyewe iliisaliti vibaya ilipofungua mashamba yake ya sukari Karibea. Lakini kwa Henri uamuzi ule ulikuwa na kazi nyingine pia: ulimwonyesha Mendoza, bila neno la matusi, kwamba mfalme haogopi tena.

Waingereza nao walimchagua Mendoza kuwa shabaha. Mwaka huo huo walichapa kijitabu chenye safu mbili, upande mmoja madai ya Kihispania, upande wa pili majibu yao, wakayaita uongo mtupu. Wakachapa pia barua ndefu iliyojifanya imeandikwa na Mkatoliki wa Uingereza kwenda kwa Mendoza, ikimsimulia kwa huzuni jinsi Armada ilivyoangamia na jinsi Wakatoliki wenyewe walivyosimama na malkia. Aliyeitunga alikuwa Lord Burghley, waziri mkuu wa Elizabeth. Naona barua hiyo ni hila ya hali ya juu. Iliazima jina ambalo Ulaya nzima ilikuwa imeliunganisha na habari za Armada, ikalifanya mlango wa kupitishia habari zake.

Mendoza hakukubali upesi. Kwa wiki kadhaa aliendelea kumpelekea Felipe taarifa za matumaini, kwamba Armada imejipanga upya Scotland, kwamba inarudi. Mwishowe mfalme, aliyekwisha kuzipokea habari kutoka kwa wenye kurudi, aliandika kwenye barua yake mojawapo kwamba hakuna lolote kati ya hayo lililo kweli, na ingefaa balozi aambiwe. Lakini hakumwondoa. Tarehe 23 Desemba Henri alimwua Guise huko Blois, na kazi ya miaka minne ya Mendoza ikavunjika. Yeye akabaki Paris na Ligi. Katika njaa ya mwaka 1590, Henri wa Navarre alipouzingira mji, balozi alitumia fedha zake na alichokuwa nacho kulisha maskini, na watu wa Paris waliokuwa hai walilikumbuka hilo.

Alirudi Hispania akiwa kipofu kabisa, akakaa Madrid karibu na nyumba ya watawa. Huko kitabu chake cha vita vya Flanders kilitoka mwaka 1592, na mwaka 1595 akachapisha kitabu cha nadharia na utendaji wa vita, ambacho Waingereza wenyewe walikitafsiri miaka miwili baadaye. Adui aliyemwita mwongo hadharani alimwona bado anastahili kusomwa na maofisa wake. Mwaka 1604 ilitoka tafsiri yake ya kazi ya mwanazuoni Justus Lipsius juu ya siasa, naye akafariki mwezi Agosti mwaka huo, wakati Hispania na Uingereza zikiwa London zinakamilisha mkataba wa amani. Kumbukumbu zake za Flanders zinaishia 1577, mwaka mmoja kabla hajawa balozi London.